Vitabu vya Mzee wa Buyenzi

Mwezi huu mwenzenu siandiki juu ya mitihani wala juu ya watoto wanaochelewa darasani. Ninawaletea orodha fupi ya riwaya za kusoma nyumbani. Orodha hii si yangu. Ni ya mzee mmoja mstaafu, mkimbizi kama sisi, anayeishi Bujumbura katika kartie ya Buyenzi. Siku hizi hana kazi nyingine isipokuwa kusoma, na kuwaambia watu wasome nini.

Najua kuna mzazi ambaye ameshaanza kutikisa kichwa: riwaya za nini wakati mgao umepungua na sabuni hakuna? Swali hilo ni la haki na nitalijibu hapo chini. Naomba mnivumilie kwanza.

Likizo iliyopita nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikamsindikiza shangazi yangu kwenye matibabu Bujumbura. Tulikaa wiki mbili kwa ndugu zetu Buyenzi. Wanaoifahamu Buyenzi wanajua: ni kartie ya Waswahili tangu zamani za Wabeleji, avenyu zake zinaitwa kwa namba, soko la Ruvumera liko pale pale, na Kiswahili ndicho unachosikia toka asubuhi mpaka usiku. Mtu wa Uvira akifika pale hajioni mgeni sana. Mzee huyo alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Watoto wote wa ile avenyu wanamwita koko, hata wale ambao si wajukuu zake.

Zamani alikuwa karani kwenye bandari ya Kalundu, Uvira. Anasema mabaharia waliotoka Kigoma ndio walimletea vitabu vya Kiswahili vya Tanzania, kimoja leo, kingine baada ya mwezi. Aliwalipa kwa pesa, na pesa zikikosekana aliwalipa kwa kitenge, mke wake akikasirika siku tatu. Nyumbani alikuwa na kabati zima la vitabu. Siku ya kukimbia alitoka na kimoja tu, kwa sababu kilikuwa chembamba na kiliingia mfukoni mwa koti. Sasa ana sanduku chini ya kitanda. Nilivihesabu: thelathini na moja. Vingine vilitoka Ruvumera kwa wauza vitu vilivyotumika, vingine vililetwa na wafanyabiashara wanaokwenda Dar es Salaam, vingine aliachiwa na watu waliopata nafasi ya kwenda ng'ambo.

Jicho lake moja lina mtoto wa jicho na la pili linachoka haraka. Basi jioni vijana wawili wa jirani wanakuja kumsomea kwa sauti, naye anawalipa chai na andazi. Akiona neno limesomwa vibaya anagonga fimbo chini mara moja. Wanarudia.

Jambo lililonishangaza ni namna anavyopendekeza kitabu. Hasemi kitabu hiki ni kizuri, kile ni kibaya. Anakuuliza kwanza habari zako, kama mganga. Unalala vizuri? Unamkosa nani? Nyumbani kwenu mnagombana juu ya nini? Halafu anavuta sanduku. Anakupa kitabu na maneno mawili matatu, basi. Mwisho wa hadithi hausemi hata ukimbembeleza. Aliniambia: "Mwalimu, kitabu hakipewi watu. Kinapewa mtu."

Nilimwomba anitajie riwaya alizozifurahia miezi hii ya karibuni, nyingine akiwa anazisoma kwa mara ya tatu, na za nani. Nikaandika. Hizi hapa.

Kwa mtu anayemtafuta ndugu. "Siku Njema" ya Ken Walibora, mwandishi wa Kenya, ilitoka mwaka 1996. Kijana anayeitwa Kongowea anazaliwa Tanga. Mama yake, mwimbaji wa taarabu, anafariki, na kijana anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mzee alisema: "Hii ni ya mtu mwenye anatembea na jina la mtu mdomoni, anauliza kila kituo." Nani kati yetu hajawahi kuuliza hivyo? Lugha yake ni tamu na sura zake si ndefu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kuisoma peke yake. Walibora alifariki Nairobi mwezi wa nne mwaka 2020, na mzee alisema siku ile alikaa kimya kama aliyefiwa na mtu wa ukoo.

Kwa vijana ambao wazazi wao wanawakataza kucheza na watoto wa kabila fulani. Ni ya Walibora huyo huyo, "Kufa Kuzikana", ya mwaka 2003. Vijana wawili ni marafiki wa kweli, lakini makabila yao yanachinjana. Mzee hakuongeza neno kwa hiyo. Alinipa tu, akasema nikiisoma nisiisome usiku.

Kwa mama aliyempokea mtu nyumbani kwake, na kwa mama aliyepokelewa. "Vuta n'kuvute" ya Adam Shafi wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin ni msichana wa Kihindi, ameozwa akiwa mdogo kwa mwanamume mwenye umri wa kuwa baba yake. Anatoroka, na watu wake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa kawaida, mwenye chumba kimoja na moyo mkubwa. Ndani yake kuna mapenzi na kuna kupigania uhuru dhidi ya Waingereza. Mwaka 2021 ilitengenezewa filamu na Amil Shivji. Lakini mzee anasema yeye kila akiisoma anamtazama Mwajuma tu: "Watu wanapenda kuuliza mkimbizi alitoka wapi. Mimi napenda kujua nani alifungua mlango." Kuna sehemu za mapenzi humo, kwa hiyo wazazi wasome kwanza.

Kwa mjane, na kwa mwanamke ambaye mume wake alioa mwingine. "Barua Ndefu Kama Hii" ya Mariama Bâ wa Senegal. Aliiandika kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 1979, baadaye ikatafsiriwa kwa Kiswahili. Mwanamke amefiwa na mume. Anakaa eda, na katika kukaa huko anamwandikia rafiki yake barua, anamweleza ndoa yao ilivyokwenda. Ni fupi. Shangazi yangu hajui kusoma, nilimsomea kwa siku nne tukingoja zamu ya daktari. Siku ya pili wanawake wengine wa kwenye benchi walisogea. Siku ya tatu mmoja aliniambia nisianze mpaka arudi kutoka chooni.

Kwa mvulana anayesema vitabu vinachosha. "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kitabu cha mwaka 1960. Tajiri mmoja anakutwa amekufa mahali pa mizimu. Watu wote wanaogopa, isipokuwa Bwana Msa na kiko chake, ambaye anakaa, anafikiri, anauliza maswali. Mzee anasema faida yake ni moja: inamfundisha kijana kwamba uvumi si ushahidi. Mtu wa kambini anajua uvumi unavyoweza kukimbiza kijiji kizima kabla ya jua kutua.

Kwa anayewaza kurudi nyumbani. "Kusadikika" ya Shaaban Robert, mwaka 1951. Hiki ndicho kitabu kilichoingia mfukoni mwa koti. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 upande wa Tanga na alifariki 1962, na hadi leo wengi wanamhesabu kuwa mkubwa wa waandishi wa Kiswahili. Nchi ya Kusadikika iko hewani, ni ya kubuni. Mtu mmoja, Karama, ameshtakiwa, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine kutafuta mambo mema. Walitaabika njiani, wakarudi na elimu, na badala ya kupokelewa wakatiwa taabuni. Lugha ni ya zamani kidogo, lazima usome polepole. Nilimuuliza mzee kwa nini hiki. Akanyamaza kwanza, akasema: "Na sisi tumeona nchi za watu, tumejifunza mambo. Siku tukirudi, watatusikiliza?"

Kwa anayesoma Kifaransa. "Petit Pays" ya Gaël Faye, aliyezaliwa hapo hapo Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Kilitoka mwaka 2016, na mwaka ule ule kikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa lise za Ufaransa. Ni habari ya mtoto Gabriel na rafiki zake katika kijia kimoja cha kartie ya Kinanira, wakati wa uchaguzi wa mwaka 1993, na kilichofuata baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa kumi mwaka huo. Vita vinapokaribia, jirani mmoja, mama Mgiriki mwenye nyumba iliyojaa vitabu, anaanza kumwazima Gabriel kimoja baada ya kingine. Mzee alicheka sana akinieleza: "Yule mama ni mimi. Tofauti ni ndevu." Lakini alinionya pia, nami nawaonya. Kuna kurasa za mauaji ya Rwanda na Burundi ambazo si za mtoto, na kuna watu wazima ambao pia wasiziguse kama bado hawajapata usingizi.

Ya mwisho, kwa mtoto aliyeachwa kwa watu. "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah. Huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na mwaka 2021 alipata tuzo ya Nobel ya fasihi. Waliomtunuku walitaja wazi kwamba ameandika juu ya hatima ya mkimbizi. Kitabu chenyewe alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2022 kilitoka kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kimechapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Siku moja wazazi wake wanamwambia anakwenda safari na "mjomba" Aziz, mfanyabiashara tajiri. Anafurahi, anapanda treni. Kumbe yule si mjomba, na yeye ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Baadaye anafuata msafara wa biashara mpaka bara, kwenye ziwa kubwa na ng'ambo yake. Ni pande zetu hizi, wasomaji, kabla babu zetu hawajazaliwa.

Hiki ndicho mzee aliniazima nije nacho kambini. Na hapa ndipo napenda kujibu swali la yule mzazi.

Baba mmoja aliniambia wazi wazi mbele ya wengine: "Mwalimu, hiyo kitabu yako inapikwa na nini?" Watu walicheka, na mimi nilicheka. Ana haki. Mzee mwenyewe nilipomweleza alisema: "Mwambie sisomi nikiwa na njaa. Hakuna mtu anasoma na njaa. Chakula kwanza." Kwa hiyo sisemi riwaya itajaza sahani. Nasema jambo nililoliona kwa macho yangu.

Darasani kwangu kuna msichana aliyefika mwaka 2025, katika kundi kubwa lile lililovuka Rusizi. Anaandika vizuri, hesabu anajua, lakini alikuwa haongei. Ukimuuliza anatazama chini. Watu wa kuhudumia watoto walikuja na karatasi zao na maswali mazuri: ulikuwa na nani njiani, uliona nini, unaota nini. Hakujibu, na simlaumu. Mtu anakuuliza habari za siku mbaya kuliko zote, na wewe humjui hata jina.

Siku moja baada ya masomo niliwasomea kurasa za mwanzo za "Peponi", mpaka pale Yusuf anapoelezwa na kijana mwenzake dukani kwamba yeye ni rehani. Nikafunga kitabu. Wavulana wakaanza kubishana. Mmoja akasema baba yake Yusuf ni mtu mbaya. Mwingine akasema hapana, hakuwa na kingine cha kutoa. Wakapigana maneno. Halafu nyuma kabisa sauti ikasema: "Baba yake alijua. Angemwambia tu."

Ni yeye. Darasa lote likageuka. Akaendelea kusema, si habari zake, habari za Yusuf. Kwamba mtoto akiambiwa ukweli anaweza kuvumilia. Kwamba mbaya si kuachwa, mbaya ni kufurahia safari usiyoijua. Aliongea labda dakika tano. Mimi sikumuuliza lolote juu yake mwenyewe, na mpaka leo sijamuuliza. Alipomaliza aliuliza swali moja: Yusuf atarudi kwao? Nikamjibu kama mzee anavyojibu, kwamba asome. Sasa anakuja kila siku nusu saa kabla ya kengele, anakaa mlangoni kwangu na kitabu. Kuna kurasa tulizokubaliana azisome akiwa nami.

Hiyo ndiyo faida niliyoiona. Habari zetu wenyewe ni nzito, hazishikiki kwa mkono mtupu. Habari ya mtu wa kitabuni unaweza kuishika, ukaigeuza, ukamlaumu, ukamtetea, na hakuna atakayeumia. Mzazi ambaye hajui amwambie nini mtoto wake juu ya nyumbani anaweza kuanza na Yusuf, au na Kongowea. Mtoto atakuuliza maswali yake kupitia kwao. Sikiliza vizuri anamuulizia nani.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, kwa familia itakayopenda.

Someni kwa sauti baada ya kula, dakika ishirini zinatosha. Anayejua kusoma asome, wengine wasikilize. Kama baba hajui kusoma si aibu, mtoto amsomee baba. Msimfanyie mtoto mtihani juu ya kitabu. Msimwambie mafunzo yake ni haya na haya. Mwacheni aseme mwenyewe. Mkifika mahali ambapo mmoja anainuka na kutoka nje, fungeni kitabu siku hiyo, msimwite.

Nilivyo navyo kambini sasa ni vitatu: "Siku Njema", "Peponi" na "Mzimu wa Watu wa Kale". Vyote ni vya mzee na vyote lazima virudi kwake. Nimevifunika kwa plastiki. Familia inakaa na kitabu siku kumi, inaandika jina kwenye daftari langu, inarudisha. "Peponi" kitangoja mpaka msomaji wa sasa amalize. Wenye ndugu Bujumbura wawaambie kwamba Institut français du Burundi, mjini kati, ina maktaba, kwa wanaosoma Kifaransa. Na kama nyumbani kwako kuna riwaya ya Kiswahili inayolala bure, hata bila jalada, tuletee.

Mzee ametuma ombi moja pia. Vijana wake wawili wanaomsomea, mmoja amepata kazi Rumonge. Anatafuta msomaji mwingine wa jioni, mvulana au msichana, anayekaa Buyenzi au karibu. Chai ipo, andazi lipo. Asiwe mtu wa kusoma mbio mbio. Anayependa anione mimi darasani siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane, nitampa maelekezo ya nyumba.

Na ninyi mliosoma riwaya ikawashika, niandikieni mistari mitatu: jina la kitabu, na ni kwa mtu gani. Mwisho wa hadithi msiuseme. Nitazikusanya kwa toleo lijalo, na nitampelekea mzee asomewe.

Wenu, mwalimu wa kujitolea